Kamina Jukwaani: Kutoka Mbudye hadi Missa Luba

Tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya Mtakatifu Bavo mjini Kamina, iliimbwa misa ambayo haikuwa imeandikwa noti hata moja. Maneno yake yalikuwa Kilatini kile kile kilichosomwa Roma: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Agnus Dei. Sauti na midundo ilikuwa ya Waluba wa Katanga na wa Kasai. Waimbaji walikuwa watoto wa shule pamoja na walimu wao. Miezi michache baadaye misa hiyo ilirekodiwa, ikaitwa Missa Luba, na jina la Kamina likafika kwenye santuri za watu ambao hawakujua mji huo uko upande gani wa Afrika.

Masimulizi mengi ya Missa Luba huanza na padri Mbelgiji, Guido Haazen, na humalizikia kwake. Nami nitamtaja, kwa kuwa anastahili. Lakini ukiitazama kazi hii kutoka Kamina, utaona kwamba ilikuwa na wazazi wengi na wa zamani zaidi. Watu wa Haut-Lomami, eneo la Kamina, walikuwa na jukwaa lao muda mrefu kabla ya misioni. Hapakuwa na andiko mkononi. Mchezo uliundwa na kundi zima, na aliyetaka kuingia alipimwa na waliomtangulia. Namna hiyo ya kazi ndiyo iliyoizaa Missa Luba, na ndiyo iliyoulea mchezo wa kuigiza wa Kiswahili huko Katanga.

Tuanze na chama cha Mbudye. Katika ufalme wa Waluba, Mbudye ndio waliotunza habari za wafalme, mipaka, safari na miiko ya utawala. Hawakuzitunza kwa masimulizi peke yake, walizicheza. Aliyekubaliwa chamani alipanda ngazi baada ya ngazi, na kila ngazi ilimfungulia elimu ambayo wa chini yake hawakuruhusiwa kuijua. Wakubwa wao walitumia lukasa, ubao wa mti unaotosha kushikwa mkononi, uliobana kiunoni, uso wake umepambwa kwa shanga na kauri. Msimulizi aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, moja moja au kwa mafungu, huku akitaja majina, njia na makao ya wafalme. Ubao ule ule uliweza kuzaa masimulizi tofauti, kulingana na hadhira iliyokusanyika na jambo lililoitisha mkutano. Kwa hiyo haukutosha kichwa chenye kukariri. Alitakiwa mtu anayeweza kusimama mbele ya watu na kuipa habari uhai.

Habari yenyewe imejaa mambo ya jukwaani. Nkongolo Mwamba, mtawala mkali, anatembelewa na Mbidi Kiluwe, mwindaji wa ukoo bora kutoka mashariki. Mbidi anazaa na dada wa Nkongolo mtoto wa kiume, Kalala Ilunga, kisha anarudi kwao. Kijana anakua shujaa, na mjomba anaanza kumwogopa. Nkongolo anachimba shimo, anasimika mikuki ndani yake, anatandika mkeka juu, kisha anamwalika mpwa wake acheze ngoma mbele ya watu wote. Kijana anacheza akikaribia mkeka. Mpiga ngoma, anayeijua siri, hawezi kusema neno, lakini mikono yake inabadili mdundo na onyo linaingia ndani ya ngoma. Kalala Ilunga anaelewa, anarusha mkuki wake, mkeka unatoboka, na kijana anaponyoka kwenda kwa baba yake. Atarudi na jeshi, na ufalme utakuwa wake. Mfalme anaokolewa na msanii anayezungumza kwa mdundo. Sijui utangulizi bora kuliko huu kwa habari ya sanaa ya nchi hii.

Utawala wa kikoloni ulipofika, mamlaka ya Mbudye yalipungua, ingawa ngoma haikunyamaza. Wachezaji wake waliendelea kuonekana hadharani kwa uchezaji wao wa sarakasi. Wakati huo huo reli ilikuwa inabadilisha nchi. Njia kutoka Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka 1918, na kufikia mwaka 1928 kampuni ya reli ya BCK ilikuwa imeiunganisha Katanga na bandari ya Port-Francqui, sasa Ilebo, huko Kasai. Kamina ilikua kama mji wa reli, na baadaye, mwaka 1956, ukawa njia panda pale tawi la kuelekea Kabalo lilipokamilika. Baada ya vita vya pili vya dunia Wabelgiji walijenga karibu yake kambi kubwa ya jeshi na uwanja wa ndege. Makarani, mafundi wa reli, walimu, askari na wachuuzi walikuja na familia zao, na Waluba wa Kasai wakakutana na Waluba wa Katanga mtaani, shuleni na kanisani. Kiswahili kikawa lugha ya wote, na nyimbo za huku na huko zikaanza kuimbwa katika uwanja mmoja. Bila reli ile nisingeweza kueleza kwa nini misa iliyozaliwa Katanga imejaa nyimbo za Kasai.

Haazen, Mfransisko aliyezaliwa Antwerp mwaka 1921, alikabidhiwa shule ya Kamina mnamo Septemba 1953. Haukupita muda akaanzisha kundi la waimbaji na wapiga ngoma: wavulana wapatao 45 wa umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15 hivi. Waliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji wa wakati ule. Mchango mkubwa wa padri huyu, na nautaja kwa shukrani, ni kwamba alisikiliza. Misioni nyingi ziliwafundisha watoto nyimbo za Ulaya na kuziona ngoma za wazee wao kuwa ni ushenzi. Yeye aliwaacha waimbe walivyojua, wakafuata desturi ya nchi ya mmoja kuanzisha na kundi kuitikia, na maneno ya Kilatini yakatafutiwa mwendo papo hapo, wakati wa mazoezi.

Angalia jinsi walivyofanya. Kyrie iliimbwa kwa mtindo wa kasala, maombolezo ya Waluba wa Ngandajika huko Kasai ambamo marehemu na ukoo wake hutajwa kwa sifa. Katika Credo, kabla ya maneno Crucifixus, yaani alisulubiwa, sauti zinapungua na ngoma inapiga mlio ambao kijijini hutangaza kwamba mtu amekufa. Kwa msikilizaji wa Brussels ilikuwa ni ngoma tu. Kwa mama wa Kamina aliyeketi kanisani, msiba ulikuwa umetangazwa kama unavyotangazwa nyumbani, na aliyekufa alikuwa na jina. Sanctus ilitokana na wimbo wa Kiluba wa kuagana, Hosanna ikapata mdundo wa ngoma ya kuchezwa ya Kasai, na Agnus Dei ikachukua wimbo wa watu wa Bena Luluwa. Huu ni uelekezaji wa mchezo hasa: kujua ni mlio gani utamgusa nani, na kuuweka mahali pake. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja aliyetoka ng'ambo. Inahitaji watu waliokulia katika misiba ile na ngoma zile, na watu hao walikuwa walimu na wanafunzi. Mwimbaji kiongozi, Joachim Ngoi, alikuwa mwalimu wa shule hiyo hiyo ya Kamina.

Tukumbuke pia mwaka wenyewe. Ilikuwa 1958, na ruhusa ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya kutumia lugha za watu katika liturujia ilikuja tarehe 4 Desemba 1963. Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire ilikubaliwa na Roma mwaka 1988, miaka 30 kamili baada ya misa ya Kamina.

Mwaka ule ule wa 1958 kundi likapanda jukwaa la Ulaya. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na wakashiriki Maonyesho ya Dunia ya Brussels yaliyofunguliwa mwezi Aprili. Pale Brussels Ubelgiji ilikuwa imejenga pia kile kilichoitwa kijiji cha Kongo, ambamo Wakongo walikaa nyuma ya uzio wakifanya kazi za mikono huku wageni wakiwatazama. Baadhi ya watazamaji waliwatukana na kuwatupia vyakula, mpaka watu hao wakakataa kuendelea na kijiji kikafungwa kabla maonyesho hayajaisha. Kwenye maonyesho hayo hayo watoto wa Kamina walikuwa wakipigiwa makofi. Hizo zilikuwa nyuso mbili za mwaka mmoja. Naamini kila mtoto aliyerudi Kamina na kumbukumbu ya safari ile alirudi na zote mbili.

Uhuru wa Kongo ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Katanga ikatangaza kujitenga. Kaskazini ya Katanga, ambako Waluba wengi waliunga mkono chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, iliingia katika mapigano makali na serikali ya Katanga ya Moïse Tshombe. Kambi ya Kamina ilipita mikononi mwa Umoja wa Mataifa, na Novemba 1964 ndege zilizobeba askari wa Ubelgiji kwenda Stanleyville (Kisangani ya leo) zilipitia hapo. Mji uliokuwa umetoa waimbaji sasa ulitajwa duniani kwa ajili ya uwanja wake wa ndege.

Santuri, hata hivyo, iliendelea na safari yake. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini aliweka Gloria ya Kamina katika filamu yake ya Injili ya Mathayo. Mwaka 1968 Lindsay Anderson alitumia Sanctus katika filamu ya If...., ambamo mwanafunzi mwasi wa shule ya bweni Uingereza anaisikiliza tena na tena. Filamu hiyo ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969. Noti zilichapishwa Marekani, na kwaya nyingi zikaanza kuiimba kutoka kwenye karatasi. Rekodi nzuri kuliko nyingi ilitoka mwaka 1990, pale Muungano National Choir ya Boniface Mganga ilipoiimba. Waimbaji wa Kenya hawakuifuata karatasi kitumwa. Waliipa roho yao, na kwa kufanya hivyo walikuwa karibu zaidi na mazoezi ya Kamina kuliko wale walioshika kila noti kama ilivyochapwa.

Kwa nini naiita habari hii ya mchezo wa kuigiza na si ya muziki tu? Jibu liko Lubumbashi, mwisho ule mwingine wa reli. Huko kundi la Mufwankolo, lililoongozwa na Odilon Kyembe Kaswili, lilijulikana kwa miaka mingi redioni na baadaye kwenye televisheni kwa michezo ya Kiswahili cha Katanga. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatana nalo tangu wazo la kwanza hadi onyesho. Alikuwa ameusikia mezani, katika mazungumzo kuhusu firigisi ya kuku, msemo kwamba madaraka huliwa yote, hayagawanywi. Aliwauliza waigizaji maana yake. Badala ya kumjibu kwa maneno, waliamua kuutengenezea mchezo.

Fabian alirekodi kila hatua, na kitabu chake cha mwaka 1990 kinaonyesha kazi ambayo mtu wa Mbudye angeitambua. Wanakaa, wanabishana kuhusu chifu, washauri wake na raia. Wanakubaliana mpangilio wa mambo. Nafasi zinagawanywa kwa kuangalia nani anaweza nini. Maneno hayaandikwi, kila mwigizaji anayapata katika mazoezi, wenzake wanamkosoa, anajaribu tena. Mwishowe wakaenda kijijini Kawama, nje ya Lubumbashi, televisheni ikapiga picha, na wanakijiji wakaingia katika mchezo. Huo ndio usaili wa kweli wa sanaa hii: mtu hapimwi kwa kusoma karatasi aliyopewa asubuhi, anapimwa kwa kumtupia mwenzake neno na kulipokea lake bila hadithi kukatika.

Enzi ya Rais Mobutu ilikuwa na upimaji mwingine. Katika miaka ya 1970 shule, makampuni na ofisi zilitakiwa kuwa na vikundi vya animasyo, kucheza na kuimba sifa zake na za chama chake cha MPR. Wapo waliojifunza kucheza vizuri huko, na wengine waliupenda uwanja. Lakini mchezo ambao mtu hawezi kukataa kuucheza, wala kuubadilisha, umepoteza kile Mbudye na Mufwankolo walichokilinda: uhuru wa mpiga ngoma kumwonya kijana mbele ya mtawala mwenyewe.

Tangu mwaka 2015 Kamina ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami. Majalada ya santuri yaliandika jina la Haazen, aliyefariki mwaka 2004, na jina la mfalme wa Ubelgiji. Joachim Ngoi alitajwa. Wale walimu wengine na wale wavulana wapatao 45 walibaki ndani ya neno moja, Troubadours. Mvulana aliyekuwa na miaka 9 wakati wa misa ile alizaliwa karibu mwaka 1949. Mwenye miaka 14 alizaliwa karibu 1944. Walio hai ni wazee sana sasa. Wewe unayesoma Kamina, Kabongo, Bukama au Lubumbashi, ukiwa na babu, mjomba au jirani aliyeimba katika kundi lile, kaa naye wiki hii. Muulize nani alianzisha wimbo upi, nani alipiga ngoma ya msiba katika Credo, walichaguliwaje na nani aliwafundisha. Andika majina yote, na nakala moja uipeleke parokiani, nyingine shuleni.