Ulanga wa Lithi: Historia ya Jina na Funzo Lake kwa Istilahi Zetu

Neno ulanga ni la siku nyingi katika Kiswahili. Ndilo jina la madini yenye kumetameta ambayo hubanduka ganda kwa ganda, nyembamba kama karatasi. Katika milima ya Uluguru madini haya yalichimbwa tangu wakati wa utawala wa Wajerumani, na kwa hiyo mtafsiri hana sababu ya kuazima neno jingine. Tatizo huanza pale anapotakiwa kutaja aina moja ya ulanga na kuipambanua na nyingine. Katika makala haya tunakusudia kulieleza tatizo hilo kwa kufuata historia ya aina moja isiyopatikana kwa wingi, yaani lepidolaiti.

Kila ulanga umejengwa kwa tabaka. Tabaka mbili za silika huibana kati yake tabaka moja ya metali, na mafungu hayo huunganishwa na chembe za potasiamu au za metali nyingine. Muungano huo ni dhaifu, na ndiyo sababu ulanga hubanduka kwa urahisi. Katika lepidolaiti, tabaka ya kati ina alumini pamoja na lithi, metali iitwayo pia lithiamu. Ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni baina ya 2.5 na 3.5, na uzito wake ni karibu mara 2.8 ya uzito wa maji. Rangi yake mara nyingi ni ya waridi au zambarau hafifu.

Jina la kwanza la madini haya, yaliyopatikana Rožná katika nchi ya Moravia, lilitokana na rangi hiyo ya zambarau: yaliitwa lilalaiti. Mwaka 1792 mkemia Mjerumani Martin Heinrich Klaproth aliyapa jina la lepidolaiti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gamba, kwa kuwa yalionekana kama magamba madogo ya samaki yaliyoshikamana. Klaproth aliyachanganua madini hayo, lakini hakuigundua lithi iliyomo, kwa maana metali hiyo ilikuwa bado haijajulikana. Iligunduliwa mwaka 1817 na Johan August Arfwedson katika jiwe jingine, petalaiti ya kisiwa cha Utö huko Sweden. Baadaye ndipo ilipoonekana kwamba imo katika lepidolaiti pia. Mwaka 1861 Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waligundua metali nyingine, rubidi, katika lepidolaiti hiyo hiyo, kwa kuupima mwanga wa mwali wake.

Hatua ya tatu ilikuja mwaka 1998, wakati kamati ya kimataifa ya majina ya madini, ikiongozwa na Milan Rieder, ilipopanga upya jamii nzima ya ulanga. Kigezo sasa si rangi wala umbo, bali ni chembe zilizomo katika kila tabaka na idadi yake. Kwa mpango huo, lepidolaiti si jina la madini ya aina moja tena. Limebaki kuwa jina la mfululizo, ambao ncha zake ni polilithionaiti na trilithionaiti. Biotaiti nayo, iliyozoeleka sana vitabuni, ilifanywa jina la mfululizo vivyo hivyo.

Historia hii yatuonya. Tukisema "ulanga wa zambarau", tutarudia kosa lililokwisha sahihishwa Ulaya. Rangi hiyo huletwa hasa na manganizi, wala si lithi. Iko muskovaiti ya rangi ya waridi isiyo na lithi ya kutajika, na iko lepidolaiti ya kijivu au isiyo na rangi kabisa. Mtumishi wa serikali atakayetafsiri leseni ya uchimbaji kwa jina la rangi anaweza kumpa mtu haki ya madini asiyoyakusudia. Na katika siku hizi, ambapo lithi inatafutwa kwa ajili ya betri, kosa hilo si dogo.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Ulanga liwe jina la jamii nzima. Ulanga wa lithi liwe jina la kila ulanga ambao lithi ni sehemu ya lazima ya umbile lake. Majina ya aina na mifululizo yaazimwe kwa matamshi yetu, kama tulivyozoea katika tanzanaiti: lepidolaiti, muskovaiti, flogopaiti. Walimu nao waeleze kwamba lepidolaiti katika vitabu vya kabla ya 1998 ni aina, na katika vya baadaye ni mfululizo.

Huenda wachimbaji wa Uluguru na kwingineko wanayo majina yao wenyewe ya kupambanua ulanga, yasiyomo katika kamusi zetu. Msomaji ayajuaye tunamwomba atuletee, pamoja na maelezo ya jiwe lenyewe, kabla orodha hii haijasanifishwa.