Matege ya Meru: Mfupa Hunyooshwa, Maji Huupinda Tena

Haya ndiyo maneno mliyoyasikia redioni. Aliyekosa neno asihangaike; ayasome polepole, na mwenzake amsaidie.

Ukitoka mjini Arusha kwenda Moshi, ukaipita Tengeru na Usa River, utafika mahali paitwapo Maji ya Chai. Jina limetokana na mto ambao maji yake yana rangi kama chai isiyotiwa maziwa. Mgeni hucheka akilisikia. Lakini tazama meno ya watu waliokulia huko, na mimi ni mmoja wao: yana madoa ya kahawia. Kisha tazama miguu ya baadhi ya watoto. Imepinda kwa nje kama upinde, ndiyo matege. Au magoti hugongana mtoto anapotembea. Nimesikia mama akilaumiwa kwamba alimbeba mwana vibaya mgongoni. Mama yule hakuwa na kosa.

Je, mguu uliopinda waweza kunyoshwa? Waweza, na kazi hiyo ni ya zamani kuliko mnavyodhani. Katika mji wa Glasgow, nchi ya Uskoti, watoto wengi wa maskini walikuwa na matege kwa kukosa jua na chakula bora. Daktari William Macewen aliukata mfupa kwa patasi, akaunyosha, akaufunga hadi ukaunga. Mwaka 1880 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Alithubutu kwa sababu mambo mawili yalikwisha kupatikana: dawa ya usingizi, iliyoonyeshwa mbele ya watu Boston, Marekani, mwaka 1846, na njia ya Joseph Lister ya kuua vijidudu vya vidonda, iliyotangazwa mwaka 1867. Kabla ya hapo, kufungua mfupa kwa kisu kulikuwa karibu na kumwita mauti.

Arusha nako watoto hupasuliwa namna hiyo. Daktari huweza kuondoa kipande cha mfupa chenye umbo la kabari, kama seremala arekebishavyo mguu wa meza, halafu mguu hufungwa plasta. Kupona kwataka miezi, na njia ya kwenda kijijini ina vumbi na matope. Kwa hiyo mwaka 2008 ilianzishwa Arusha nyumba iitwayo The Plaster House, ambako watoto hukaa kabla na baada ya kupasuliwa, mpaka wawe tayari kurudi kwao.

Sasa nitatoka njiani kidogo. Yako maradhi mengine ya mfupa ambayo si saratani, lakini hurudi. Ni uvimbe uotao ndani ya mfupa, mara nyingi karibu na goti la mtu mzima aliye bado kijana. Daktari Astley Cooper wa London aliueleza mwaka 1818. Dawa yake ni kuukwangua. Lakini wewe uliyewahi kukwangua ukoko wa ugali wajua: kidogo hubaki pembeni mwa sufuria. Kidogo hicho kikibaki mfupani, uvimbe huota tena. Basi madaktari wakaongeza kuchimba kingo za tundu kwa mashine, na tangu miaka ya 1970 wengi wakalijaza saruji maalum. Saruji hiyo hupata moto inapoganda, na moto huo husaidia kuua mabaki. Hata hivyo mgonjwa huambiwa arudi kupigwa picha, mwaka baada ya mwaka.

Kwa nini nimeieleza habari hiyo? Kwa sababu matege ya Meru nayo yaweza kurudi, ila mzizi wake hauko mfupani. Hakuna cha kukwangua. Mzizi uko mtungini.

Mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye Frederick McKay alianza kazi Colorado Springs, Marekani, akaona meno ya kahawia kama yetu. Alitafuta sababu kwa miaka 30. Mwaka 1931 mkemia wa kampuni ya alumini aliyapima maji, akakuta madini yaitwayo floridi. Mwaka 1964 madaktari waliandika juu ya mifupa ya watu wa kaskazini mwa Tanganyika walioharibiwa na madini hayohayo. Meru ni mlima wa volkano, ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Mvua hupita katika mawe na majivu yake, ikayachukua madini hayo hadi kwenye chemchemi. Shirika la Afya Duniani lashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Yako maji ya upande huu yanayopita 10. Mwaka 1974 serikali yetu iliruhusu 8 kwa muda, maana vijiji vingi visingekuwa na maji mengine. Siilaumu, kiu haingoji.

Mtoto akinyoshwa mguu, naye bado anakua, kisha akarudia mtungi uleule, mfupa waweza kupinda tena. Na kuchemsha hakusaidii: mvuke huondoka, floridi hubaki. Magadi tunayotia katika maharage na makande huongeza floridi nyingine.

Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuyasafisha maji haya. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, ikasagwa, ikatiwa katika chombo cha kuchujia. Maji yakipita humo, floridi hunaswa na mfupa wa ng'ombe badala ya kwenda katika mfupa wa mtoto. Moto ukizidi, mifupa huwa myeupe na nguvu zake hupungua. Na hata iliyochomwa vema huchoka baada ya muda. Yapasa ibadilishwe, ingawa maji bado yaonekana safi machoni.

Kazi ya nyumbani: mwulize mzee mmoja wa kijijini kwenu ni chemchemi ipi watu walipenda kuinywa zamani, na ipi waliwaachia mifugo. Andika majina yake katika daftari. Tutayasoma Jumanne.