Bafle moja, sauti moja: diski za wazee kwetu Mudzipela



Tunapozungumza juu ya desturi, mara mingi tunafikiri ngoma, mahari na matanga. Tunasahau kwamba kusikiliza diski pamoja kiwanjani nayo ilikuwa desturi. Sisi wa kartiye Mudzipela tuliikuta ikizeeka. Katika miaka ya 1980 kaseti zilikuwa zimeenea, lakini kwa baba mkubwa wetu pikapu ilikuwa ingali inazunguka kila Siku ya Mungu, kisha misa. Pikapu moja, ampli moja, bafle moja tu.

Tulidhani bafle ni moja kwa sababu ya umaskini. Hapana. Diski zenyewe zilikuwa za mono, na tueleze maana yake.

Katika mfereji wa diski ya mono, sindano inatikisika kushoto na kuume tu, na inabeba sauti moja. Diski za stereo, zilizoenea sokoni kuanzia mwaka 1958, ziko na sauti mbili: kila ukuta wa mfereji na sauti yake, na sindano inatikisika hata juu na chini. Basi diski za Congo za mbele ya hapo ni mono. Ndizo za Ngoma, nyumba ambayo Mgriki Nicolas Jeronimidis aliianzisha Léopoldville mwaka 1948 na ambayo ilimrekodi Wendo. Ndizo za Loningisa, ambako Franco alianza. Tena ziko za kwetu Ituri. Mwaka 1952 Hugh Tracey alikamata na mashini yake sauti za Wabira, Wanande, Wabudu na Wambuti. Mwaka 1957 kampuni ya Folkways ya Marekani ilitoa diski ya muziki wa pori la Ituri, iliyorekodiwa na Colin Turnbull na Francis Chapman. Wengi walioimba pale wamekwisha kufa. Kilichobaki ni ule mfereji.

Kwa hiyo kutengeneza mashini vizuri si mchezo wa watu wenye makuta. Ni kulinda.

Kwanza, mahali. Pikapu iwe juu ya meza nzito iliyo sawa. Glasi ya maji itakuonyesha kama inainama. Usiiweke juu ya bafle, kwani mtetemo utarudi kwenye sindano.

Pili, sindano. Diski ya 78 iko na mfereji mpana, inaomba ncha ya karibu mikroni 75. Ya 33 au 45 za mono ni karibu 25, ya stereo karibu 18. Pikapu nyingi za zamani zilikuwa na kifungo cha kugeuza: upande mmoja 78, upande mwingine 33 na 45. Hapo ndipo tulikosa tukiwa watoto. Tuliacha kifungo kwenye 78, tukaweka 33 ambayo baba mkubwa aliipenda. Tangu siku ile diski ile inalia sawa mvua juu ya mabati. Hakutupiga. Aliirudisha katika kartoni yake, na Siku ya Mungu iliyofuata hakufungua pikapu.

Tatu, nyaya. Ukiwa na kichwa cha stereo, bonyeza kifungo cha MONO kwenye ampli. Sauti mbili zilizo sawa zitajumlishwa, na kelele ya juu na chini itajifuta yenyewe. Lakini usiunganishe kamwe matokeo mawili ya ampli kwenye bafle moja: ampli inaweza kuungua. Na kichwa cha zamani cha mono kisiguse diski ya stereo, maana kinaweza kuikwangua.

Mwezi wa tano 2003, waaskari wa Uganda walipoondoka na vita ikaingia Bunia, tulikimbia. Tuliporudi, pikapu na ampli haviko. Diski zilibaki chini ya kitanda, zile za 78 zingine zimevunjika sawa sahani. Miaka mingi tulikaa na diski bila kitu cha kuzipigia.

Kisha tulipata mashini ya stereo kutoka Kampala. Vijana wa nyumba waliiunganisha na bafle mbili. Ilitoka sauti nyembamba, kelele mingi, nao wakasema diski zimekufa, zitupwe. Tulibadilisha sindano, tukabonyeza MONO, tukaacha bafle moja tu mbele ya watu. Gitaa likatoka wazi. Mama mkubwa aliyekuwa anachagua maharagwe aliacha kazi, akaanza kuimba mbele ya mwimbaji mwenyewe kufika kwenye maneno.

Basi tunaomba: mwenye diski za wazazi asizitupe, na asizijaribu na sindano yoyote tu. Tuzikusanye, tuzipige vizuri mara moja, tuzinakili kwenye kompyuta. Vita ilituondolea vitu vingi. Hivi tusiviharibu kwa mikono yetu wenyewe.