Mafuta Ambayo Hayakugawanyika

Mfano wa wanawali kumi, ulioko Mathayo sura ya 25, kwetu huhubiriwa sana usiku wa mkesha. Watu wamejikunja kwenye mabenchi, macho mazito, na mhubiri anapaza sauti: msilale kama wale wapumbavu! Nimelisikia hilo mara nyingi, na kila mara najiuliza kama tunasoma Biblia moja. Mbona wote kumi walilala? Bwana arusi alichelewa, wenye busara wakasinzia sawa na wenzao. Tofauti yao ilikuwa akiba ya mafuta, basi.

Kwa hiyo kilichowasumbua wafasiri tangu zamani si usingizi tu. Ni mafuta: ni kitu gani hicho ambacho mtu mwema anakataa kumgawia mwenzake usiku wa manane?

Yohane Krisostomo, akihubiri Antiokia mwishoni mwa karne ya 4, alijibu kwa ukali wake wa kawaida. Mafuta ni sadaka, na wauza mafuta ni maskini wenyewe. Ubikira wa wale watano haukuwafaa kitu kwa sababu hawakuwa na huruma kwa mhitaji. Augustino wa Hippo, Afrika ya Kaskazini, alisema mafuta ni upendo, na usingizi ni kifo, ndiyo maana hakuna aliyeukwepa. Mimi jibu la Krisostomo nalipenda zaidi, linashikika mkononi, ila Augustino ndiye anayeueleza usingizi.

Sasa twende Eisenach, mji wa Thuringia huko Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1320. Mchezo wa kuigiza wa wanawali kumi ulichezwa hapo mbele ya mtawala wa nchi, Friedrich. Huyu hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Alipigania urithi wake miaka mingi, na mwaka 1307 aliyashinda majeshi ya mfalme Albrecht huko Lucka.

Waigizaji walimwingiza mtu ambaye Mathayo hamtaji kabisa katika mfano huu: Bikira Maria. Wanawali wapumbavu, mlango ukiwa umefungwa, wanamkimbilia. Maria anawaombea kwa Mwanawe. Mwana anakataa. Mashetani wanawachukua.

Waandishi wa tarekhe wanasimulia kwamba Friedrich aliondoka kwa hasira, akiuliza imani ya Kikristo ni kitu gani basi, kama hata Maria na watakatifu wote hawawezi kumwombea mkosaji akasamehewa. Siku chache baadaye alipatwa na kiharusi. Alifariki mwaka 1323.

Kama mchezo ndio uliomwangusha, mimi siwezi kuapa. Watu wa tarekhe walipenda sana visa vya namna hiyo. Lakini swali lake ni la haki kabisa. Tangu utotoni alifundishwa, kama kila Mkristo wa wakati wake, kwamba Maria hamwachi anayemlilia. Leo makleri walewale wanamwonyesha Maria akiomba na kunyimwa! Halafu fikiria maisha ya mtawala: ukikosa askari unaazima, ukikosa fedha unakopa, ukikosa haki unatafuta wa kukusemea. Mfano huu unamwambia kuna saa ambayo hakuna wa kumwazima. Nadhani aliuelewa kuliko wahubiri wetu wengi wa mkesha, wanaotufanya tudhani kukesha ni kushindana na usingizi mpaka alfajiri.

Mji huohuo, mwishoni mwa karne ya 15, alisoma kijana mmoja aitwaye Martin Luther. Alirudi mwaka 1521 kujificha katika ngome ya Wartburg, juu ya mji, na hapo akalitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, mfano huu ukiwemo. Kwake taa isiyo na mafuta ilikuwa matendo yasiyo na imani. Yaani Krisostomo kageuzwa kichwa chini: sadaka imekuwa taa tu, na imani ndiyo mafuta.

Hata hivyo juu ya jambo moja hawakupishana: iwe sadaka au imani, jirani hawezi kukumiminia ya kwake mlangoni. Friedrich angeishi hadi siku za Luther, sidhani kama angepata faraja. Angekuta Maria ameondolewa jukwaani, na mlango bado umefungwa.