Ukavu wa Kinywa, Upungufu wa Mate na Tonge

Zerostomia ni istilahi ya kitabibu iliyoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: xeros, yaani kavu, na stoma, yaani kinywa. Kwa Kiswahili tunasema ukavu wa kinywa. Tafsiri hiyo ni sahihi, ila haijitoshelezi, na Lodwar, mji wa Turkana nchini Kenya, ni mahali pazuri pa kuliona hilo. Joto la mchana hapa hufika nyuzi 35, na mvua ya mwaka mzima ni takribani milimita 200. Mgonjwa aliyekuja kwa miguu akiulizwa, "Kinywa chako hukauka?" atajibu ndiyo. Mwenye kiu tu atajibu hivyo, na mwenye maradhi ya tezi za mate atajibu hivyo hivyo.

Ndiyo maana tunahitaji istilahi mbili. Ukavu wa kinywa ni hisia, na anayeijua ni mgonjwa mwenyewe. Upungufu wa mate ni kipimo. Mtu mzima aliyetulia bila kutafuna kitu hutoa wastani wa mililita 0.3 za mate kwa dakika. Yakishuka chini ya 0.1, huo ni upungufu. Hisia na kipimo haviandamani siku zote: wapo wanaohisi ukavu ilhali mate yao ni ya kawaida, na wapo ambao mate yamepungua bila wao kulalamika.

Istilahi ya tatu ni ile ya chakula kilichokwisha kutafunwa, tayari kumezwa. Vitabu vya tiba hukiita bolasi. Kiswahili kina tonge, na sioni haja ya kukopa. Aliyekula ugali analijua tonge: hulimega, akalifinyanga kiganjani mpaka likashikana. Kinywani kazi hiyo hurudiwa. Meno husaga, ulimi hugeuza, mate hulowesha, na ute uliomo ndani yake huzigandisha chembe pamoja. Mate hayo hutoka hasa katika jozi tatu za tezi: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Yakipungua, mlaji hutafuna na kutafuna, na chembe hubaki chembe. Jaribu kula nyama iliyokaushwa, au tunda la mkoma, ambalo Waturkana huliita eng'ol, huku kinywa kimekauka. Utajua kwamba meno mazima peke yake hayatoshi.

Basi mzee akisema, "Meno yangu yamechoka," tusikimbilie kumkagua magego tu. Tumuulize pia kuhusu dawa anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za shinikizo la damu, mzio na sonona hupunguza mate. Kisukari hukausha kinywa. Mionzi ya kutibu saratani ya kichwa na shingo huweza kuziharibu tezi zenyewe. Hata meno ya bandia hushikiliwa kwenye ufizi na utando mwembamba wa mate.

Swali gani basi liulizwe? Mwaka 1987, Philip Fox na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba maswali yanayohusu kula hubainisha upungufu wa mate vizuri kuliko swali la ukavu kwa jumla. Mojawapo ni kama mtu hulazimika kunywa ili ameze chakula kikavu. Kwa Kiswahili ningeliuliza hivi: "Tonge kavu hupita bila maji?"

Swali hilo lina uzito wa pekee Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa Turkana mwaka 1992, ambako watu wa mataifa mengi hukutana na Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha zao za kuelewana. Chakula cha msaada huko kimekuwa hasa nafaka na kunde, na maji hutekwa kwa foleni na kubebwa kwa madumu. Anayehitaji funda la maji kwa kila tonge hula kwa gharama ambayo jirani yake haioni. Tukimuuliza kuhusu tonge, ataweza kutueleza.