Kabla Uweke Safaya kwa Saa ya Mzee, Soma Hii

Siku hizi mtu akikuonyesha saa yake mpya, kabla hata ujue ni ya kampuni gani atakwambia, "Na kioo ni safaya." Hapa Kinoru nimeisikia hiyo sentensi stejini, nimeisikia kwa kinyozi, na kila wiki naiona kwa meseji zenu. Neno limekuwa cheo. Na kioo cha akriliki? Hicho watu wanakiita "plastiki," kwa sauti ile ile wanayotumia kusema simu yako ni mulika mwizi.

Msimamo wangu ni huu. Kwa saa mpya ya kuvaa kila siku, chukua safaya kama pesa iko na kama ni safaya ya ukweli. Lakini kwa saa ya zamani ya kutia ufunguo, ile uliyoachiwa na mzee, usiguse akriliki yake. Si eti nina huruma na vitu vya kale. Ni kwamba historia ya hivi vioo viwili haiko vile tunauziwa.

Tuanze na hiyo safaya. Biblia ya Kiswahili inaiita yakuti samawi, na yakuti za kuchimbwa ziko karibu na sisi kuliko wengi wanavyojua. Ukishuka kutoka Meru hadi Isiolo, uendelee upande wa Garba Tula, huko kuna miamba iliyotoa yakuti za buluu na za manjano. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, Bonde la Umba linajulikana duniani kwa yakuti za rangi nyingi tangu miaka ya 1960.

Sasa skiza: kioo cha saa yako hakikutoka kwa mgodi wowote. Kilitoka kiwandani. Mwaka 1902 mkemia Mfaransa, Auguste Verneuil, alitangaza njia ya kutengeneza yakuti kwa moto. Unachukua unga laini wa oksidi ya alumini, unaudondosha kupitia mwali wa hidrojeni na oksijeni wenye joto la zaidi ya digrii 2000, unayeyuka na kuganda chini kidogo kidogo mpaka unakuwa jiwe. Ukichanganya na kromiamu kiasi, jiwe linatoka jekundu. Usipochanganya na kitu, linatoka wazi kama maji. Njia zingine zimeongezeka baadaye, lakini wazo ni lile lile. Hilo jiwe wazi, likikatwa vipande vyembamba na kusuguliwa kwa almasi, ndilo watu wanaringa nalo stejini.

Na hapa kuna kitu kitamu. Angalia uso wa saa nyingi za zamani za Uswisi, utaona imeandikwa "17 rubis." Hiyo ni Kifaransa, inamaanisha yakuti nyekundu 17. Ziko ndani, zimeshika ncha za ekseli za magurudumu ili chuma kisilane na chuma. Wazo la kutoboa yakuti na kuitumia hivyo lilipewa hataza London mwaka 1704, na mmoja wa wenye hataza alikuwa Mswisi anaitwa Nicolas Fatio de Duillier. Baada ya Verneuil, mawe ya kiwandani yakachukua kazi hiyo. Kwa hivyo saa ya mzee wako tayari ina yakuti, jamii moja kabisa na safaya yako. Tofauti ni kwamba yake iko ndani, inafanya kazi, haijionyeshi.

Sasa ugumu. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ngazi ya 1 hadi 10, kulingana na nani anaweza kumkwaruza nani. Almasi iko 10. Yakuti iko 9. Chembe za kwatzi, zile zimejaa kwa mchanga wa kujengea na kwa vumbi la barabara, ziko 7. Kioo cha kawaida kiko kama 5 na nusu. Akriliki iko kama 3. Hesabu ni rahisi: kama wewe ni mtu wa nduthi kwa murram, au uko mjengo, kila siku mchanga unapigana na kioo chako, na safaya ndiyo pekee kati ya hizo tatu inashinda. Hapo sibishani na mtu.

Lakini kukataa mkwaruzo si sawa na kuvumilia pigo. Safaya haipindi. Ikigongwa vibaya pembeni inapasuka, na vipande vyake ni vikali kuliko chuma cha mishale, vinaweza kukwaruza uso wa saa na kuingia kwa mashine. Akriliki inapinda, inameza pigo, na ikishindwa mara nyingi inapata ufa tu na kubaki mahali pake.

Hiyo tabia ndiyo iliifanya iheshimike. Kabla yake, saa zilivaa kioo cha kawaida. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi walifunika saa zao za mkononi na wavu wa chuma ili kioo kisivunjike kwa mahandaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ndipo akriliki ikaja: Ujerumani kampuni ya Otto Röhm ikaiita Plexiglas, Uingereza ikaitwa Perspex. Vita vya Pili vilipoanza, ndiyo ilikuwa kifuniko cha rubani kwa ndege za Spitfire.

Ndege zikipigwa risasi, vipande vya Perspex viliingia machoni mwa marubani. Daktari wa macho, Harold Ridley, aliona kwamba jicho lilivivumilia vile vipande bila kuvikataa. Mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas' London, akaweka lenzi ya Perspex ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Lenzi nyingi zinazowekwa leo bado ni za jamii ya akriliki. Kama una shosho aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na sasa anakutambua ukiingia kwa geti, huenda anakuona kupitia ile "plastiki" unayoicheka.

Halafu mwezini. Mwaka 1965 NASA ilipitisha saa ya Omega Speedmaster kwa safari za anga. Kioo chake kilikuwa akriliki, kwa sababu nzuri: mahali hakuna uzito, vipande vya kioo haviangukii sakafuni, vinaelea, na mtu anaweza kuvivuta puani. Julai 1969 Buzz Aldrin alitembea mwezini na saa hiyo mkononi. Akriliki si malaika pia. Mwaka 1971, kwenye Apollo 15, kioo cha Speedmaster ya David Scott kilichomoka, ikabidi avae saa yake ya akiba, Bulova, alipotoka mara ya tatu. Hiyo Bulova iliuzwa kwa mnada mwaka 2015 kwa zaidi ya dola milioni 1.6.

Na Rolex, ambayo kila mtu anaitaja? Safaya yake ya kwanza ilikuja mwaka 1970, tena kwa saa ya betri. Kwa hivyo miongo mingi ya saa ambazo leo watu wanazililia mnadani zilivaa akriliki, na hakuna aliyeziita mulika mwizi.

Sasa tuje nyumbani. Babu yangu aliniachia saa ya kutia ufunguo, na binamu yangu anataka tuiwekee safaya "ikae ya kisasa." Kuna watu wanapenda kusema mikwaruzo ni kumbukumbu, eti uiache. Babu angewacheka. Kila Jumamosi jioni, akitoka kwa kahawa, alikuwa anaketi na kitambaa na dawa ya meno kidogo, anasugua kile kioo mpaka mikwaruzo ya wiki iishe, ili Jumapili kanisani kiwake. Hakuwa anatunza alama. Alikuwa anazifuta, na akriliki ilimruhusu kuanza upya kila wiki bila kumlipa mtu. Safaya ikikwaruzwa au ikitoka kipande, dawa ya meno haisaidii. Unanunua ingine.

Isitoshe, kuna shida ya ufundi. Kwa saa nyingi za aina ile, kioo kimeshikwa na mbano wake chenyewe: fundi anakibana na kifaa chenye makucha, kinajikunja kidogo, anakiingiza kwa mfuo, anakiachilia, kinafunguka na kushika. Safaya haikubali kubanwa hivyo. Mtu akikuahidi atailazimisha, ama ataipasua, ama atachonga bodi ya saa, na bodi ikishachongwa hairudi.

Hapo ndipo hasara iko. Fundi wa saa anayejua kazi ya makucha amebaki mmoja mmoja. Tukimwendea tu kubadilisha betri, kazi hiyo itakufa naye, halafu saa za wazee wetu zitauzwa kwa bei ya kutupa kwa mtu anayejua thamani yake kuliko sisi.

Na ukienda kununua hiyo safaya mpya, fungua macho. Rafiki yangu aliuziwa saa mtandaoni kama safaya. Akaivaa mjengo, wiki ya tatu kioo kikawa kama paja la mtoto wa kupanda miti. Umeona ngazi ya Mohs: mchanga haukwaruzi yakuti. Alikuwa amenunua kioo cha kawaida chenye jina kubwa. Bei ikiwa tamu sana, jina ndilo unanunua.

Kwa hivyo saa ya babu inabaki na akriliki yake. Ikipata ufa, itapata akriliki ingine kwa fundi. Wewe, kama kuna saa ya mzee kwa droo huko kwenu, itoe leo, itie ufunguo polepole, uangalie kama bado inapumua. Halafu uende kwa fundi kabla ya kwenda mtandaoni. Niambie imeandikwa rubis ngapi.