Sanamu: kuchonga na kuunda

Si kila sanamu huchongwa. Kuchonga ni kupunguza kwa zana kali, kama mpingo unavyopunguzwa hadi kinyago kitokeze. Kiti cha Enzi cha Silaha, kazi ya mwaka 2001 ya msanii wa Msumbiji Cristóvão Canhavato (Kester), ambacho kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London, kiliundwa kwa kuchomelea vipande vya bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mfasiri akikiita “mchongo” anaficha jambo kuu: bunduki zimeachwa zitambulike. Wanyama wa kandambili zilizookotwa katika fukwe za Kenya, kinyume chake, huchongwa hasa. Kandambili hugandishwa kwa gundi kwanza, kisha kisu hufuata.